Nikifilisika, watachukua na pensheni yangu?

Ndugu Mshauri,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hukunizidi, basi salamu zikufikie.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nina miaka 66, mjane. Watoto wangu wawili ni watu wazima na wana familia zao. Naishi kwa pensheni ya kila mwezi inayotokana na utumishi wangu, na juu yake kuna pensheni ndogo ya mjane aliyoniachia marehemu. Pia nilipokuwa kazini nilijiunga na mpango wa hiari wa akiba ya uzeeni. Hiyo sijaigusa hata siku moja, ingawa umri wa kuichukua nimeshaufikisha.

Mdogo wangu wa kiume alikuja na makaratasi ya mkopo wa biashara. Akaniambia, "Dada, ni sahihi tu, utaratibu wa benki." Nikasaini kama mdhamini. Biashara ilipoyumba alilipa kwa kusuasua, kisha akazima simu. Benki ikanigeukia mimi. Kwa kuogopa aibu nikakopa kwa dhamana ya jina langu ili kulipa marejesho yake, mkopo ambao hukatwa kabla pensheni haijanifikia. Ulipokwisha nikachukua mwingine, na mwingine. Leo hii baada ya makato inanifikia kama theluthi moja ya pensheni, na bado deni la udhamini liko pale pale, linapanda kwa riba.

Wiki iliyopita mkusanya madeni alinipigia akasema, "Mama, tutakufilisi, na hiyo pensheni yako yote tutaichukua." Tangu siku hiyo simu ikiita moyo unaruka.

Rafiki yangu ananiambia nijitangaze mufilisi mwenyewe niondokane na adha hii. Mwanangu mkubwa anasema nitoe ile akiba yote kwa mkupuo nilipe, nibaki na amani. Binamu yangu anasema niitoe haraka niiweke kwa jina la binti yangu kabla hawajafika. Kila mmoja anaongea kama anajua.

Naomba unieleze: nikitangazwa mufilisi, pensheni zangu zinakwenda? Ile akiba je? Nyumba ninayoishi ni yangu na haina rehani. Na huyu mdogo wangu, ndiyo nimsamehe tu?

Mama Mdhamini

*

Shikamoo mama. Kwa umri huo mimi ndiye wa kukuamkia, na pole kwa yaliyokukuta.

Nianze na yule wa kwenye simu, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. "Tutachukua pensheni yako yote" ni vitisho. Mtu akitangazwa mufilisi, mali yake haiendi kwa mdai aliyepiga kelele kuliko wenzake. Huteuliwa msimamizi, ambaye hukusanya kile tu ambacho sheria inaruhusu kikusanywe, kisha huwagawia wadai wote kwa utaratibu. Tangu siku hiyo wadai wa kawaida hawaruhusiwi kukuandama mmoja mmoja, na kesi mpya haifunguliwi bila ruhusa ya mahakama. Kile anachokutishia nacho ndicho kingemfunga mdomo.

Sasa pensheni. Watu huuliza kama inachukuliwa au haichukuliwi, kana kwamba ni kitu kimoja. Wewe una mafungu yaliyo katika hali tofauti, na sheria haiyaangalii kwa jicho moja. Sheria hubadilika ukivuka mpaka, lakini kuna mpangilio unaojirudia katika nchi nyingi: fedha ikiwa bado ndani ya mfuko ina kinga kubwa, ikianza kulipwa kila mwezi kinga hupungua, ikishaingia benki na kulala huko, inakaribia kuwa fedha kama fedha nyingine. Kadiri inavyousogelea mkono wako ndivyo msimamizi anavyoifikia kwa urahisi. Pima ushauri wa ndugu zako wote kwa kipimo hicho.

Akiba ambayo hujaigusa ndiyo iliyo salama zaidi. Huko England na Wales, sheria ya mwaka 1999 iliziondoa pensheni zinazotambuliwa na mamlaka ya kodi katika mali ya mufilisi, kwa maombi yote ya ufilisi yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 29 Mei 2000. Baadaye wasimamizi wakaja na hoja ya kijanja: huyu mtu amefikisha umri wa kuchukua, basi alazimishwe kuchukua ili tumkate. Mwaka 2016, katika kesi ya Horton dhidi ya Henry, Mahakama ya Rufani ilikataa. Ikasema msimamizi hawezi kumlazimisha mufilisi aanze kuchukua pensheni ambayo mwenyewe hajaamua kuichukua. Hali yako na ya mtu yule zinafanana sana.

Marekani wamefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1992 kwamba mafao yaliyo katika mifuko ya waajiri inayolindwa na sheria ya mwaka 1974 hayaingii katika mali ya mufilisi. Akaunti binafsi za uzeeni nazo zikapewa kinga kwa marekebisho ya mwaka 2005, ila kwa kikomo: kilianzia dola milioni 1 na hurekebishwa kila baada ya miaka 3. Kenya nayo, sheria yake ya mafao ya kustaafu ya mwaka 1997 inazuia amri ya mahakama ya kukamata michango ya mwanachama iliyomo ndani ya mfuko, isipokuwa kwa mujibu wa kanuni za mfuko wenyewe. Kwa hiyo hati ya kwanza ya kuitafuta ni kanuni za mpango wako wa hiari. Angalia kama umesajiliwa rasmi kama mfuko wa uzeeni au ni akaunti ya akiba tu iliyopewa jina zuri. Ya pili haina kinga ninayoizungumzia.

Umeshaona basi kwa nini ushauri wa mwanao, pamoja na nia yake njema, unanitia wasiwasi. Anakuambia uitoe fedha mahali ambapo wadai hawawezi kuigusa, uwapelekee mwenyewe. Kama akiba hiyo inatosha kumaliza deni lote na bado ukabaki na cha kuishi, sawa, hilo ni jambo la kukaa na kupiga hesabu. Lakini kwa ulivyoeleza, riba inapanda na mikopo imepandana. Nimeona barua nyingi za wastaafu waliomwaga akiba yote kwenye deni, deni likabaki nusu, na mwishowe wakafilisika vilevile, safari hii bila akiba. Na ukiitoa mkupuo ukakaa nao benki, kisha ukatangazwa mufilisi kesho yake, ule mkupuo msimamizi anauchukua. Huko England hata mkupuo unaochukua katikati ya ufilisi, kabla hujaachiliwa, yaani kabla hujatolewa rasmi katika ufilisi, msimamizi anaweza kuudai. Usisaini fomu yoyote ya kutoa hadi uwe umeonana na mwanasheria.

Ushauri wa binamu ndio mbaya kuliko yote, na hapa sitazunguka. Kuhamisha mali kwa jina la mtoto huku unajua wadai wako mlangoni ni jambo ambalo sheria za ufilisi zimeliwekea mtego tangu zamani. Msimamizi hurudi nyuma kukagua: ulimpa nani nini, lini, kwa bei gani. England anaweza kurudi nyuma hadi miaka 5 kwa mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa. Marekani kipindi cha kawaida katika sheria ya shirikisho ni miaka 2, na sheria za majimbo zinaweza kurudi nyuma zaidi. Mali itarudishwa, binti yako ataingizwa kwenye kesi isiyomhusu, na wewe unaweza kunyimwa msamaha wa madeni, ambao ndio faida kubwa ya kufilisika. Kuna jinai pia ikithibitika ulikusudia kuficha. Hata kinyume chake, yaani kuzijaza fedha kwenye mfuko wa pensheni dakika za mwisho ili zipate kinga, hukaguliwa na zinaweza kurejeshwa.

Pensheni zako mbili zinazolipwa kila mwezi ziko hatua ya pili. Hapa msimamizi anaangalia kipato chako kama anavyoangalia mshahara: kiasi gani kinaingia, kiasi gani unahitaji kuishi, kinachozidi ni kiasi gani. Huko England anaweza kuomba amri ya kukutaka uchangie sehemu ya kipato kwa muda usiozidi miaka 3, na pensheni inayolipwa imetajwa kuwa kipato. Ila mahakama hairuhusiwi kushusha kipato chako chini ya mahitaji ya kawaida ya nyumbani, na ambaye chanzo chake pekee ni mafao ya serikali kwa desturi haombwi kitu. Marekani pensheni ya hifadhi ya jamii ina kinga yake tangu sheria ya mwaka 1935 na haihesabiwi katika kipimo cha kipato cha ufilisi, lakini pensheni ya mwajiri binafsi huhesabiwa. Pensheni yako ya mjane nayo ni kipato. Itajumlishwa isipokuwa sheria ya kwenu iwe imeitoa.

Kwa hiyo vita yako ya kweli, mama, haitapiganwa na yule wa kwenye simu. Itapiganwa kwenye fomu moja ya mapato na matumizi. Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo wazee wanapojiumiza.

Mstaafu akipewa fomu hiyo huijaza kwa aibu. Anaona akiandika matumizi makubwa ataonekana mbadhirifu, tena anadaiwa. Kwenye dawa anaandika kiasi kidogo kwa sababu mwezi uliopita alinunua nusu ya dozi. Usafiri anaacha wazi kwa sababu kuna kijana anayempeleka kliniki bure. Miwani, meno, paa linalovuja, kadi ya bima ya afya inayolipwa mara moja kwa mwaka, michango ya misiba, hakuna hata kimoja kilichoandikwa. Msimamizi anajumlisha, anakuta mama huyu ana ziada kila mwezi, anapanga achangie. Halafu mama analipa miaka kwa sababu alitaka aonekane hana makuu.

Wewe umekuwa muuguzi. Unajua thamani ya kuandika kila kitu kwenye faili la mgonjwa. Fanya hivyo hivyo. Chukua daftari, andika mwezi mzima, hata nauli. Dozi andika kamili kama daktari alivyoandika, hata kama umekuwa ukiruka. Gharama za mara moja kwa mwaka zigawe kwa 12. Msaada wa yule kijana usiuhesabu kama nauli haipo, maana siku akihama utapanda gari la kulipia. Tunza risiti. Huo si ujanja; ndiyo picha halisi ya maisha yako.

Hatua ya tatu ni benki, na hapa kuna jambo la kufanya sasa hivi bila kusubiri mahakama. Je, pensheni yako inaingia katika benki ile ile inayokudai? Kama ndivyo, jua kwamba mikataba mingi ya benki inaipa haki ya kujilipa kutoka kwenye akaunti yako bila kwenda mahakamani. Fungua akaunti kwenye benki ambayo haikudai chochote, peleka maombi kwa mfuko wako wabadilishe pa kulipia. Ni halali kabisa, alimradi huifichi: ukiulizwa unaitaja. Akaunti hiyo iingie pensheni peke yake. Usichanganye na mchango wa kikundi wala fedha anayotuma mwanao, kwa sababu kinga ya pensheni iliyokwisha kulipwa, pale ilipo, inategemea kuonyesha kwamba fedha ile ni pensheni kweli. Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 2011 benki ikipokea amri ya kukamata akaunti kwa deni la kawaida hutakiwa kuangalia kwanza mafao ya serikali kuu yaliyoingia moja kwa moja katika miezi 2 iliyotangulia, na kuyaacha. Panapokosekana kanuni kama hiyo, fedha ikichanganyika, kazi ya kuitenganisha ni yako.

Kwa kuwa ulikuwa muuguzi, kuna swali jingine: uliajiriwa na serikali? Baadhi ya sheria za pensheni za watumishi wa umma zilizorithiwa kutoka utawala wa Mwingereza zina kifungu cha kushangaza kidogo. Zinasema mstaafu akitangazwa mufilisi pensheni inakoma, kisha mamlaka inaweza kuagiza fedha ile ile ilipwe kwa ajili ya matunzo yake na wanaomtegemea. Kifungu kiliwekwa ili wadai wasiipate, lakini maana yake ni kwamba haki yako inageuka kuwa hisani ya mamlaka, na malipo yanaweza kusimama wakati barua zinazunguka ofisini. Uliza hili kwa maandishi kwenye ofisi inayokulipa kabla ya kupeleka ombi lolote mahakamani. Rafiki yako aliyekwambia ujitangaze sidhani kama alilifikiria.

Na makato yale yanayokula theluthi mbili? Mkopo usio na mali iliyowekwa rehani, hata kama unalipwa kwa kukatwa juu kwa juu, kwa kawaida huingia kwenye kundi la madeni mengine na makato hutakiwa kusimama ufilisi ukianza. Kwako hilo lingekuwa nafuu tangu mwezi wa kwanza, tena kubwa. Ila soma mkataba, au msomeshe mwanasheria, kuona ulichosaini ni ruhusa ya kukata au ni dhamana yenyewe. Sheria nyingi za pensheni zinakataza mstaafu kuiweka pensheni yake rehani, na mkopeshaji aliyejifanya hajui hilo ana cha kujibu.

Nimeiacha nyumba makusudi hadi hapa, kwa sababu ndiyo inayonifanya nisikuambie "haya, nenda ukafilisike". Pensheni yako inaweza kupona karibu yote, lakini nyumba isiyo na rehani ndiyo mali ya kwanza msimamizi ataiona. Baadhi ya nchi zinalinda makazi ya mdaiwa, kwa kiasi fulani au kwa muda; nyingine zinaruhusu iuzwe. Mtu asiye na nyumba, mwenye pensheni tu, kufilisika kunaweza kumsafisha kwa gharama ndogo, na England huachiliwa baada ya miezi 12. Wewe unaweza kuachiwa madeni huku huna pa kulala. Kwa hiyo, kabla ya kufilisika, jaribu njia za katikati: makubaliano rasmi na wadai kulipa sehemu ya deni kwa miaka kadhaa, au amri ya kulipa kwa awamu. Sheria ya ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 imeziweka zote mbili, England na Marekani wana zao. Wadai wenye akili hukubali, kwa sababu wakishaelewa kwamba pensheni haifikiki kirahisi, nafuu kwao ni kidogo cha uhakika.

Hapo ndipo barua yako kwa benki inapohitaji kuwa na uzito. Eleza umri, kipato baada ya makato, matumizi yako yote kutoka lile daftari, na kiasi unachoweza bila kulala njaa. Taja kwamba akiba ya uzeeni iko ndani ya mfuko uliosajiliwa, kama ndivyo ilivyo. Usiahidi kuitoa. Na mwambie yule wa simu kwamba kuanzia sasa mawasiliano ni kwa maandishi.

Mdogo wako sitakuambia umsamehe wala usimsamehe. Hilo ni la kwenu. Ila kisheria mdhamini akilipa deni la mwenzake, ana haki ya kumdai aliyekopa kila alicholipa. Kusanya stakabadhi zote za ulichokwisha lipa kwa niaba yake, mpelekee dai la maandishi kupitia mwanasheria, mbele ya wazee wa familia ukipenda. Dai hilo lina muda wake wa kufungua kesi, usiliache lilale. Na ujue kwamba ukitangazwa mufilisi kabla hujamdai, haki hiyo huwa mali inayoangukia kwa msimamizi: yeye ndiye atakayemtafuta mdogo wako, na hatamwita "kaka".